Breki za Pikapu ya Chama

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi

Katika daftari la mali za chama, gari huandikwa kwa mstari mmoja: aina yake, namba yake, mwaka lilionunuliwa na thamani iliyobaki. Katika makisio ya mwaka huandikwa mafuta, matairi na bima. Ni nadra kukuta breki zimetajwa zenyewe. Breki humezwa ndani ya kifungu cha matengenezo mengineyo, na hapo hukaa kimya mpaka siku zinapokataa kazi.

Mazungumzo haya yanahusu chama kimoja cha wakulima wa kahawa, kilichoko kwenye mteremko wa mlima, ambacho siku hiyo ilikifikia. Jina lake halina haja ya kutajwa, kwa maana yaliyokipata yanaweza kukipata chama chochote chenye gari la zamani na barabara ya kuteremka.

Chama hicho kina pikapu ya Land Rover, Series III, yenye injini ya dizeli. Magari ya Series III yalitengenezwa Uingereza tangu mwaka 1971 hadi 1985, na yale yaliyotunzwa yanaendelea kubeba mazao hata leo. Pikapu hiyo ilikuwa na breki za dramu katika magurudumu yote manne, masta silinda yenye chumba kimoja, na haikuwa na busta. Nguvu yote ya kusimamisha gari ilitoka katika mguu wa dereva.

Msimu mmoja, wakati wa ununuzi, pikapu iliondoka katika ghala la juu ikiwa na magunia ya kahawa, dereva na karani wa mizani wakiwa mbele. Barabara ni ya udongo, ina kona nyingi, na kutoka ghalani hadi lami ya bondeni hushuka karibu mita 600. Zilipobaki kona tatu, dereva alikanyaga breki na pedali ikazama mpaka sakafuni. Akakanyaga upesi mara ya pili na ya tatu, gari likapungua mwendo kidogo tu. Kona ilikuwa imekaribia, na chini yake kuna nyumba za watu. Dereva akaligeuza gari upande wa mlima, akaliegemeza kwenye ukingo wa udongo mpaka likasimama. Hakuna aliyeumia. Taa moja ilivunjika, madigadi yalikunjika, magunia mawili yalipasuka na kahawa ikamwagika barabarani. Karani alikaa kando ya njia kwa muda mrefu bila kusema neno.

Siku ya nne Kamati ilikutana. Katibu alikuwa na barua ya fundi mmoja wa mjini, aliyesema kwamba angeng'oa breki za dramu za mbele, aweke za disiki pamoja na busta, na gari lingesimama kama jipya. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ilivyohofiwa. Wajumbe wengi walifurahi na walikuwa tayari kuinua mikono. Ndipo mjumbe mmoja, mama mtu mzima ambaye hajapata kuendesha gari, akaomba nafasi.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "naomba nieleweshwe kabla sijainua mkono. Hiyo busta inamsaidia dereva, au inazisaidia breki?"

Hakuna aliyejibu. Mwenyekiti, kwa busara yake, aliahirisha shauri hilo kwa juma moja na kuagiza aalikwe mwalimu wa ufundi wa magari kutoka chuo cha jirani, aje aeleze mbele ya Kamati. Swali la mama yule liliokoa fedha za wanachama, na huenda liliokoa na roho za watu.

Dramu na joto la mteremko

Mwalimu alianza kwa dramu. Ndani ya kila gurudumu mna dramu ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu, na ndani ya dramu mna shuu mbili zisizozunguka. Dereva akikanyaga pedali, masta silinda husukuma mafuta ya breki katika mabomba, silinda ndogo ya gurudumu hutanua shuu, na bitana ya shuu, yaani ile sehemu ngumu ya kusugua, hushika dramu kwa ndani. Mwendo wa gari hugeuka kuwa joto.

Hapo ndipo penye siri ya mteremko. Gari na mzigo wake wenye uzito wa kilo 2,500, likishuka mita 600, linatoa nguvu ambayo ikigeuzwa yote kuwa joto yatosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji baridi, yaani madebe mawili yaliyojaa. Sehemu ya nguvu hiyo humezwa na upepo na matairi. Injini ikiwa katika gia ndogo humeza sehemu kubwa. Inayobaki yote huenda kwenye breki.

Dramu ni chungu kilichofunikwa, joto lake halipati njia ya kutoka. Ikishika moto hutanuka na kujitenga na shuu, kwa hiyo pedali hushuka. Bitana nayo ikipata moto kupita kiasi hupoteza uwezo wa kushika, dereva akakanyaga kwa nguvu zote na gari likaendelea kuteleza. Kadhalika dramu ikipita mtoni hubaki na maji ndani, na breki huwa dhaifu mpaka ikauke.

Lipo na jambo la tatu, nalo ni mafuta ya breki yenyewe. Mafuta haya huvuta unyevu kutoka hewani siku hadi siku. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishavuta unyevu, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. Yakichemka ndani ya silinda hufanya mvuke, na mvuke hubanwa kama mpira wa kuchezea: pedali huzama na breki hazishiki. Ndiyo sababu hushauriwa mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, hata kama chupa inaonekana imejaa.

Faida ya disiki

Disiki ni sahani nene ya chuma izungukayo wazi hewani. Kalipa huikumbatia ukingoni, na pedi mbili huibana pande zote mbili kama vidole vinavyobana sahani. Kwa kuwa iko wazi, hupoa upesi na kuyarusha maji yanayoingia. Ikipata moto hutanuka kuelekea kwenye pedi, wala haijitengi nazo kama dramu inavyojitenga na shuu. Tena pedi hujisogeza zenyewe kadiri zinavyolika, hazihitaji kurekebishwa mara kwa mara.

Ufundi huu umekwisha pimwa miaka mingi. Gari la Jaguar lenye breki za disiki lilishinda mashindano ya Le Mans, Ufaransa, mwaka 1953. Citroën DS ya mwaka 1955 ilikuwa na disiki za mbele. Range Rover ya mwaka 1970 ilikuwa na disiki katika magurudumu yote manne. Pikapu nyepesi za Chevrolet zilianza kutoka kiwandani na disiki za mbele kama kifaa cha kawaida mwaka 1971, na Land Rover ilipoleta gari la One Ten mwaka 1983 ililipa disiki za mbele.

Huko Marekani wapo watu wengi wanaozipenda pikapu za zamani na kuzitumia, nao wamekuwa wakibadili dramu kwa disiki kwa miaka mingi. Mafunzo yao yana manufaa kwa kila mwenye gari kuukuu. Wenye Chevrolet C10 za miaka ya 1963 hadi 1970 aghalabu hutafuta vifaa vya mbele vya gari la aina ile ile la mwaka 1971 au baadaye, ili vipande vipatane. Hata hivyo wengi hukuta kwamba habu mpya ina matundu 5 ya nati, na ya nyuma ina matundu 6. Asiyetambua mapema hubeba tairi la akiba lisiloingia mbele au lisiloingia nyuma. Kwa chama ambacho gari lake hulala porini mara mbili kwa mwezi, hilo si jambo dogo.

Jibu la swali la mama

Baada ya hapo mwalimu alirudi kwenye swali lililoulizwa. Katika breki ya dramu, shuu ya mbele huvutwa na mzunguko wa dramu yenyewe, ikazidi kujikaza. Mzunguko wa gurudumu humsaidia dereva bila yeye kujua. Disiki haina msaada huo. Pedi hukaza kwa kiasi kile kile inachosukumwa na mafuta, basi. Kwa hiyo disiki hudai msukumo mkubwa zaidi wa mafuta, na mguu wa dereva peke yake kwenye gari zito hautoshi. Busta huletwa kwa ajili hiyo.

Busta ni kopo kubwa la bati lenye utando katikati. Upande mmoja hewa hunyonywa ikabaki ombwe. Dereva akikanyaga, hewa ya nje huingia upande wa pili na kuusukuma utando, nao huisukuma masta silinda. "Basi, mama," mwalimu alisema, "busta inamsaidia dereva. Haizipozi breki, haifanyi bitana iliyolika kuwa nzima, haizibi bomba linalovuja. Ikiwa breki ni mbovu, busta itamsaidia dereva kukanyaga breki mbovu kwa nguvu zaidi."

Mama aliitikia kwa kichwa, akauliza tena, "Na hiyo hewa inanyonywa na nini?"

Swali hili la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza. Injini ya petroli hutengeneza ombwe katika njia yake ya kuvutia hewa, na busta huunganishwa hapo. Injini ya dizeli kwa kawaida haina ombwe la kutosha mahali hapo, hivyo huhitaji pampu ya ombwe inayoendeshwa na injini. Barua ya fundi wa mjini ilitaja busta, wala haikutaja pampu. Gari la chama lilikuwa la dizeli. Kama kazi ile ingefanyika kama ilivyoandikwa, chama kingenunua disiki zinazodai nguvu nyingi, na busta isiyo na cha kuinyonyea hewa. Pedali ingekuwa ngumu kama jiwe, na gari lingesimama kwa shida kuliko zamani.

Mwalimu aliongeza jambo linalowahusu hasa watu wa milimani. Nguvu ya busta hutoka katika uzito wa hewa ya nje, na hewa ya juu ni nyepesi. Kwenye usawa wa bahari mgandamizo wa hewa ni kilopaskali 101 hivi. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 ni kilopaskali 85 hivi. Kwa hiyo msaada wa juu kabisa wa busta ile ile hupungua kwa karibu sehemu moja ya sita. Busta iliyoonekana kutosha katika gereji ya pwani yapasa ipimwe upya juu ya mlima, gari likiwa na mzigo.

Breki ni mfumo mmoja

Barua ya fundi ilisomwa tena mstari kwa mstari, na mwalimu akaonyesha yaliyokosekana.

Kwanza, masta silinda. Ile ya zamani ilikuwa na chumba kimoja kwa magurudumu yote: bomba moja likipasuka, breki zote zimekwisha. Masta silinda ya vyumba viwili hutenga mbele na nyuma, upande mmoja ukivuja mwingine hubaki. Tena pistoni za kalipa ni kubwa kuliko za silinda za dramu, huhitaji mafuta mengi zaidi. Upana wa masta silinda una maana yake. Nyembamba hutoa msukumo mkubwa lakini pedali husafiri mbali. Pana husukuma mafuta mengi lakini hudai nguvu zaidi. Haichaguliwi kwa kuangalia ile inayopatikana dukani.

Pili, valvu. Katika masta silinda nyingi za dramu mna valvu ndogo inayobakiza mgandamizo katika mabomba, wa kiasi cha paundi 10 kwa inchi ya mraba, ili silinda za magurudumu zisivute hewa. Ikibaki katika njia ya disiki, pedi hazitaachia. Zitasugua mchana kutwa, disiki itapata moto, na mafuta yatachemka, ambayo ndiyo hatari iliyokuwa inakimbiwa. Pikapu ambazo masta silinda yake iko chini ya sakafu, kama Chevrolet za mwishoni mwa miaka ya 1940, huwekewa valvu ya paundi 2 tu kwa disiki, ili mafuta yasirudi yenyewe.

Tatu, uwiano wa mbele na nyuma. Gari likifunga breki, uzito huhamia mbele. Pikapu tupu huwa nyepesi sana nyuma. Magurudumu ya nyuma yakishika kabla ya ya mbele, mkia huzunguka na gari likageuka lilikotoka. Kwa sababu hiyo huwekwa valvu ya kupunguza msukumo wa nyuma, na hurekebishwa kwa majaribio, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo.

Nne, mipira ya breki, mabomba, beringi, na rimu. Rimu za zamani huenda zikagusa kalipa. Hilo hupimwa kabla ya kulipa.

Tano, usalama wa fundi. Bitana za zamani aghalabu zina asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Dramu haipulizwi kwa hewa ya kompresa, hufutwa kwa kitambaa kilichoroweshwa.

Kitabu cha safari

Kikao kilikuwa karibu kufungwa, mwalimu alipoomba kuona kitabu cha safari cha gari. Katibu alikileta. Katika muda wa majuma sita kabla ya ajali, dereva alikuwa ameandika mara tatu, kwa hati yake nzuri: pedali ya breki inashuka. Mara zote tatu karatasi ilikuwa imetiwa sahihi ya ofisi kwa ajili ya hesabu ya mafuta. Aliyetia sahihi alitazama kilomita na lita. Safu ya maoni ya dereva hakuisoma.

Katibu alisimama. "Ndugu Mwenyekiti," alisema, "sahihi hizi ni zangu. Sikusoma." Akaketi. Ni jambo la kumsifu kwamba hakutafuta maneno mengine.

Kisha dereva, aliyekuwa ameitwa kama shahidi, aliulizwa alikuwa katika gia ipi breki zilipokataa. Alisita, halafu akasema kwamba injini ilikuwa imezimwa. Alizoea kuizima juu ya mteremko na kuteleza katika nyutro mpaka bondeni, ili kuokoa dizeli. Wajumbe walipoanza kumlaumu, dereva, kwa adabu, aliwakumbusha kwamba mwaka uliotangulia Kamati ilimpa barua ya pongezi na zawadi kwa kuwa gari lake lilitumia mafuta kidogo kuliko miaka yote.

Barazani pakawa kimya.

Mwalimu alieleza kwamba hata akiba yenyewe ni ya kujidanganya. Injini ya dizeli ikiteremka katika gia, dereva akiwa ameinua mguu kutoka kwenye mafuta, gavana ya pampu hukata karibu dizeli yote, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Gari lile lingeteremka katika gia ndogo kwa mafuta machache mno, na injini ingebeba sehemu kubwa ya ule moto wa madebe mawili. Badala yake moto wote uliachiwa dramu nne za zamani. Na kama gari lingekuwa na disiki na busta, kuzima injini kungekuwa hatari kupita ile ya kwanza. Injini ikizimwa, busta hubaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili tu, kisha dereva huachwa na mguu wake na disiki zisizojikaza.

Hivyo ilidhihirika kwamba breki zile ziliharibikia mahali pawili. Moja ni gerejini, ambako silinda ya gurudumu ilikuwa ikivuja na bitana zilikuwa zimelowa mafuta. Nyingine ni ofisini, ambako taarifa haikusomwa na kosa lilipewa zawadi.

Uamuzi wa wanachama

Shauri lilipelekwa kwenye mkutano mkuu. Wapo waliotaka dramu zitengenezwe tu, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi: dramu nzima, zenye bitana mpya, silinda zisizovuja na shuu zilizorekebishwa, zimebeba mazao kwa miaka mingi. Kwa chama cha nchi tambarare huenda hilo ndilo shauri bora. Lakini wanachama wa mlimani waliitazama barabara yao, wakaamua kubadili, na kubadili kikamilifu: disiki, kalipa na habu za mbele za seti moja, masta silinda ya vyumba viwili, busta inayolingana nayo, pampu ya ombwe, valvu ya uwiano, mipira na mabomba mapya, na dramu za nyuma zitengenezwe zote. Gharama ilikuwa zaidi ya maradufu ya bei ya barua ya kwanza. Ununuzi wa viti vya ukumbi uliahirishwa, na kwa muda uliobaki wa msimu chama kilikodi gari. Kukodi kuliwauma wanachama. Kulikuwa na manung'uniko kwenye mizani, na wapo waliosema pikapu ingeweza kwenda polepole. Kamati haikukubali.

Kazi ilipokwisha, haikupokelewa kwa kutazama rangi. Vifaa vya zamani vilirudishwa ofisini vikahesabiwa. Dereva, Katibu na wajumbe wawili walishiriki katika majaribio: kwanza gari tupu mahali tambarare, kisha nusu mzigo, kisha mzigo kamili kwenye mteremko, katika gia ndogo, injini ikinguruma. Gari lilipelekwa kukaguliwa na polisi wa usalama barabarani, na kampuni ya bima ilipewa taarifa ya mabadiliko kwa barua.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Makatibu wanashauriwa kuyanakili maswali haya na kuyaweka katika jalada la gari.

1. Je, dramu zilizopo zimefunguliwa na kukaguliwa, ili ijulikane ubovu ni nini hasa?

2. Je, barua za bei zimetoka kwa mafundi wasiopungua watatu, zote kwa orodha moja ya vifaa, ili bei zilinganishwe kwa haki?

3. Je, masta silinda, busta, kalipa na valvu vimetajwa kwa aina na namba, na vinalingana?

4. Je, injini ni ya petroli au ya dizeli, na ombwe la busta litatoka wapi?

5. Je, rimu zilizopo na tairi la akiba vitaingia mbele na nyuma?

6. Je, pedi na disiki za aina hiyo zitapatikana katika maduka ya mkoa miaka ijayo?

7. Je, nani atashuhudia majaribio, na taarifa yake itaandikwa wapi?

Baada ya hapo, yapo majaribio mawili ambayo Katibu yeyote anaweza kuyafanya mwenyewe kila Jumatatu bila spana. La kwanza: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, shikilia mguu hapo, kisha dereva awashe injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isiposhuka, gari lisiondoke. La pili: kanyaga kwa nguvu na ushikilie kwa muda wa dakika moja. Pedali ikizidi kuzama polepole, mafuta yanavuja mahali, nje au ndani ya masta silinda, na hapo pia gari lisiondoke. Chupa ya mafuta ya breki itazamwe siku hiyo hiyo, wala isijazwe kamwe mafuta ya injini, kwa sababu hayo huvimbisha mipira na kuharibu mfumo mzima.

Ndugu Makatibu, Ndugu Wanachama,

Chama kilichosimuliwa hapa kina disiki leo, lakini badiliko kubwa zaidi halionekani chini ya gari. Katika kitabu cha safari imeongezwa safu mpya, pembeni mwa maoni ya dereva, yenye kichwa: hatua iliyochukuliwa. Katibu haruhusiwi kutia sahihi safari mpya kabla safu hiyo haijajazwa. Zawadi ya dereva bora haihesabiwi tena kwa lita za mafuta peke yake. Na ukutani, juu ya ndoano ya funguo za pikapu, pamebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono: Teremka katika gia. Injini isizimwe.

Dereva ni yule yule. Karani wa mizani naye alirudi kazini, na hupanda mbele kama zamani.